Mashine kuukuu zenye kutu: zipi tununue, zipi tuziache

Mnamo Januari 2026 kundi la kwanza la wanafunzi wa Mtaala wa Umilisi liliingia Gredi ya 10. Baadhi ya wanafunzi hao wamechagua masomo ya ufundi: useremala, ufundi wa vyuma, ujenzi, umeme na mitambo. Haya ni masomo yasiyofundishika kwa chaki peke yake. Yataka karakana, na karakana yataka zana. Na zana, hasa zile ziendeshwazo kwa nguvu za umeme, bei yake si ya mchezo. Ndipo swali moja linapozuka katika vikao vya halmashauri za shule zetu za mashambani, swali ambalo kwa juu juu huonekana dogo: je, tununue mashine mpya chache, au kuukuu nyingi?

Chukua mfano wa shule iliyo Misikhu, kando ya barabara itokayo Webuye kuelekea Kitale. Mbele yake kuna Kitale, mji uliokulia katikati ya mashamba makubwa ya walowezi ambayo kila moja lilihitaji karakana yake. Upande wa pili kuna Bungoma, mji wa wafanyabiashara na mafundi. Katika miji hiyo yote miwili mtu mwenye subira hakosi kupata grainda, keekee ya umeme, randa ya umeme au msumeno wa mviringo uliokwisha kutumika, umelazwa juu ya turubai, kutu imeutanda, na mwenyewe anasema bei iliyo robo ya ile ya dukani. Mwalimu wa ufundi hutazama, mweka hazina hutazama, na kila mmoja huona kitu tofauti.

Rai yangu nitaisema mapema ili msomaji asichoke bure. Mashine nzito ya chuma isimamayo juu ya meza au sakafuni, shule yaweza kuinunua hata ikiwa nyekundu kwa kutu, mradi mwalimu wa ufundi ameikagua kwa mikono yake. Mashine ya kushikwa mkononi, izungukayo kwa kasi, isinunuliwe kuukuu kwa matumizi ya wanafunzi, hata ikiwa inang'aa kama sahani ya harusini. Mpaka huu hauwekwi na bei. Kutu nayo haiuweki, ingawa ndiyo inayotazamwa na wote.

Hebu basi tuanze na kutu yenyewe, maana huwatia watu hofu pasipo sababu na mara nyingine huwaacha bila hofu panapostahili. Kutu ni oksidi ya chuma. Hutokea chuma kikutanapo na maji na oksijeni. Mwalimu wa kemia ataongeza kwamba kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na ndiyo maana skrubu iliyoshika kutu hukwama tundumu mwake kana kwamba imepigiwa kabari. Lakini kutu si ya namna moja. Iko kutu ya juu juu, ya rangi ya chungwa, iondokayo kwa brashi ya waya, msasa na mafuta ya taa kidogo. Iko kutu iliyochimba vishimo, ambayo hata ikiondolewa huacha uso wa chuma umepara mfano wa ndui. Na iko kutu ya ndani, isiyoonekana mpaka mashine ifunguliwe, na hiyo ndiyo ya kuogopwa.

Ukiisoma vyema, kutu ni shahidi mzuri kuliko muuzaji. Keekee iliyoshika kutu kwenye taya zake tu ilikaa bila kazi, basi. Keekee yenye kutu juu ya skrubu za ndani, zile zionekanazo kupitia matundu ya hewa, iliingiwa na maji. Na maji yaliyozifikia skrubu hayakuziruka koili za mota. Varnishi inayozitenga nyaya hizo ikishalowa na kukauka mara kadhaa hupasuka, na umeme hupata njia ya kutokea mahali usipotakiwa. Hapo mashine yaweza kuzunguka vizuri kabisa mbele ya mnunuzi, siku ya kiangazi, kisha imtetemeshe mwanafunzi siku ya mvua. Nayo Misikhu haikosi mvua.

Sasa tazama mashine ya kusimama. Keekee ya mezani, kinoo cha umeme, mashine ya kukereza, jiliwa kubwa: mwili wake ni chuma cha kusubu, kinene kama dole gumba. Kutu iliyokula unene wa kucha juu ya kitako chake haikudhuru kitu. Aghalabu mota ya keekee ya mezani iko mbali na sehemu ya kazi, nayo huendesha mashine kwa ukanda. Mota ikifa, fundi huifungua na kufunga nyingine, mashine ikaendelea na kazi yake. Beringi zake zina nambari, na nambari hizo ni lugha moja duniani kote: beringi iliyoandikwa 6203 ina tundu la milimita 17, kipenyo cha nje cha milimita 40 na upana wa milimita 12, iwe imetengenezwa Uswidi, Japani au Uchina. Kwa hiyo keekee iliyotoka kiwandani miaka 50 iliyopita yaweza kutiwa beringi mpya wiki hii, na kampuni iliyoiunda iwe ilikwisha kufa zamani. Mashine za namna hii ziliundwa na watu waliotarajia zifunguliwe.

Sisi wenyewe tunalijua jambo hili ila hatulitii katika hesabu. Nani miongoni mwetu amewahi kuukataa unga kwa kuwa injini ya Lister iliyousaga, ile iliyoundwa Dursley kule Uingereza kabla babu hajaoa, ina kutu? Twasikiliza mlio wake tu. Ukiwa sawa, twapanga madebe yetu foleni.

Haina maana kwamba kila dude zito ni mali. Mashine ya kukereza ambayo reli zake zimechimbwa vishimo na kutu haitakereza kitu kilicho sawa, na gharama ya kuisawazisha itaipita bei yake. Hiyo iachwe hapo hapo ilipo. Keekee ya mezani ambayo mhimili wake wayumba ukiushika na kuutikisa kwa mkono itatoboa matundu ya yai. Na zaidi ya yote, bamba la maelezo lisomwe kabla ya kutajwa bei. Mashine nyingi zilizotoka viwandani ni za umeme wa njia tatu, wa volti 415, ilhali shule nyingi za mashambani zina njia moja tu ya volti 240. Mnunuzi asiyelitazama bamba atapakia kilo 200 za chuma kwenye pikapu, azilipie nauli mpaka Misikhu, kisha zimkalie sakafuni zikitazamana naye.

Bamba hilo hilo ndilo liwezalo kutuokoa na msiba mwingine, hasa kwa vifaa vya mkononi vitokavyo ng'ambo. Umeme wetu ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde. Wa Marekani ni volti 120 na mizunguko 60. Wa Japani ni volti 100. Uingereza umeme wa nyumbani hulingana na wetu, lakini kwenye maeneo ya ujenzi hutumika vifaa vya volti 110 vyenye plagi za manjano. Vifaa hivyo hupata umeme kutoka kwa transfoma iliyoungwa na ardhi katikati, hivi kwamba kila waya huwa na volti 55 tu ukilinganisha na ardhi. Mjenzi wa London akiguswa na waya uliochubuka hushtuka na kuishi. Kifaa hicho kikiuzwa katika mitumba, kikavuka bahari, plagi yake ikakatwa na kufungwa ya kwetu, ulinzi wote huo umebaki Uingereza. Mwalimu wa fizikia na alifanye zoezi la darasani: nguvu huongezeka kwa mraba wa volti, gawanya 240 kwa 110 upate takriban 2.18, uzidishe kwa nafsi yake, utapata takriban 4.76. Mota iliyoundwa kubeba mzigo mmoja yaamrishwa kubeba karibu mitano. Haitachelewa kutoa moshi.

Nimefika sasa kwenye grainda, ambayo ndiyo hasa iliyonisukuma kuandika. Sioni chombo kingine cha karakana kinachouzwa kuukuu kwa wingi hivyo, wala kinachoaminiwa kwa urahisi hivyo. Grainda ndogo ya kawaida huchukua diski ya kipenyo cha milimita 115 na huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Diski za kukatia na kusagia vyuma za aina hii huandikwa kwamba kasi ya ukingo wake isizidi meta 80 kwa sekunde, na kwa kipenyo hicho kasi yake ni kama meta 66. Basi iko ndani ya mpaka. Lakini diski ndogo huisha upesi, na diski kubwa ya milimita 230 iliyokwisha kulika kidogo hupatikana kwa bei ya bure. Ndipo mtu akaing'oa kinga ya grainda ndogo ili diski kubwa ipate nafasi. Utaiona mashine ya namna hiyo sokoni: kinga haipo, na muuzaji akiulizwa husema ilipotea. Haikupotea. Iliondolewa, na aliyeiondoa alikuwa na sababu.

Wanafunzi na wachukue kalamu. Pai mara kipenyo cha meta 0.23, mara mizunguko 11,000, gawanya kwa sekunde 60. Jibu ni kama meta 132 kwa sekunde, yaani kilometa zaidi ya 470 kwa saa. Diski iliyoundwa kuhimili 80 imelazimishwa kufikia 132, na kwa kuwa mvutano unaoichana huongezeka kwa mraba wa kasi, haikuzidishiwa mzigo kwa nusu na ushei bali kwa mara 2.7 hivi. Diski ikipasuka katika hali hiyo vipande vyake haviangukii sakafuni. Vinakwenda upande ambao kinga ingalikuwapo, na upande huo ndipo ulipo uso wa mtoto wa watu.

Hata diski yenyewe ina umri, jambo ambalo wanunuzi wengi hawana habari nalo. Haishiki kutu, lakini gundi ifungayo chembe zake hunyonya unyevu na kudhoofika. Kwa hiyo watengenezaji huchapa tarehe ya mwisho kwenye kile kipete cha chuma kilicho katikati, kwa kawaida miaka mitatu baada ya kuundwa. Grainda ya mitumba ikija na diski zake kama nyongeza ya ukarimu, ukarimu huo ukataliwe kwa adabu.

Nitaambiwa, na nimekwisha ambiwa mara nyingi, kwamba mafundi wa jua kali hutumia mashine hizi hizi kila siku, nao ndio wanaotuundia malango, vitanda na majiko. Ni kweli tupu, na heshima yao wanayo. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya mwaka 1972 ilikuwa miongoni mwa maandishi ya kwanza kuuambia ulimwengu kwamba kazi zao ni uchumi kamili, si uvivu wa mjini. Serikali nayo ikakiri hivyo katika Waraka wa Bunge nambari 1 wa 1986, ikarudia katika ule wa 2 wa 1992. Hata hivyo hoja hiyo yachanganya watu wawili wasiofanana. Fundi hutumia mashine moja, yake mwenyewe, miaka nenda miaka rudi. Aijua kwa mlio. Ikianza kukoroma, mkono wake umekwisha fika kwenye swichi kabla hajafikiri. Mwanafunzi wa Gredi ya 10 ana miaka 15 au 16, hajawahi kuishika mashine hiyo, na atakapomaliza ataipokeza kwa mwingine, na huyo kwa mwingine, hata zamu ipite kwa watu 40. Kitu cha watu 40 hakina mwenyewe wa kukisikiliza. Aidha, tusiyapambe yasiyopambika: wako mafundi wengi wasio na jicho moja, au kidole, na wao ndio watakaokuwa wa mwisho kukuambia kwamba hiyo ndiyo njia nzuri ya kujifunza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yadai sehemu za hatari za mitambo zikingwe. Mwalimu mkuu atakayesimama mbele ya mzazi hospitalini hatakuwa na jibu katika hoja ya kwamba grainda ilipatikana kwa bei nafuu.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, na siwezi kuipita kwa dharau. Husemwa kwamba zilizo mpya madukani nyingi ni bandia, na kwamba grainda ya Bosch au Makita ya miaka 20 iliyopita, pamoja na kutu yake, ni bora kuliko kigae kipya kilichobandikwa jina la watu. Bunge lilipitisha sheria dhidi ya bidhaa bandia mwaka 2008, na bidhaa bandia bado tunazo. Nakiri kwamba fundi mzoefu, akipewa muda wa kuifungua ile ya zamani, kuibadilisha beringi na brashi za kaboni, kuifungia waya mpya na kinga yake halisi, atapata chombo kizuri. Ila tazama masharti hayo yalivyojipanga. Tuseme ya zamani yauzwa shilingi 1,500 na mpya iliyo halali shilingi 7,000. Ongeza beringi mbili, brashi, waya na plagi, siku nzima ya fundi na nauli ya kumfuata. Shilingi 4,000 zimekaribia, na kinga haijapatikana, maana kinga za mashine ya zamani haziuzwi kando kando ya barabara. Akiba iliyobaki yatosha kununua miwani michache ya kukinga macho, basi. Na mashine iliyonunuliwa kwa risiti dukani ina mtu wa kurudishiwa. Ile ya kwenye turubai, Jumatatu ijayo turubai litakuwa mji mwingine.

Risiti ina sababu nyingine pia. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu baada ya nguzo na nyaya za umeme kuharibiwa, kisha miezi michache baadaye ikairuhusu tena kwa masharti mapya. Na Sheria ya Vyuma Vikuukuu ilikuwapo tangu 2015. Shule ya umma isiyoweza kueleza mashine yake ilitoka wapi imejiweka mahali pabaya, hata kama ilinunua kwa nia safi kabisa.

Wala mitumba ya zana si aibu. Mwaka 1979 kilianzishwa Uingereza chama kiitwacho Tools for Self Reliance, na jina lenyewe lilikuwa mwangwi wa siasa ya kujitegemea iliyokuwa ikivuma Tanzania. Watu wa kujitolea walikusanya misumeno, randa, nyundo, tupa na cherehani zilizoachwa mabandani, zikatolewa kutu, zikanolewa, zikatiwa mipini, ndipo zikapangwa kwa seti za useremala au uhunzi na kusafirishwa kuja Afrika. Ninachopenda katika kazi hiyo ni utaratibu. Kutu iliondolewa kabla ya safari, na kilichotumwa zaidi kilikuwa zana za mkono, ambazo zikikaguliwa mara moja zimekaguliwa. Tupa haina koili ya kulowa. Jiliwa halina volti.

Na hapa magharibi ya Kenya tulikuwa na mfano wa kale zaidi. Wamishonari wa dhehebu la Friends, waitwao pia Quakers, walipofika Kaimosi mwaka 1902, misheni yao ilibeba neno la viwanda katika jina lake, nao wakajenga kinu cha kupasulia mbao. Lugulu, jirani ya Misikhu, ni tunda la kazi ya dhehebu hilo hilo. Kabla yao, wahunzi wa Samia walikwisha kuyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa mbali. Nayataja haya kwa sababu wako wasemao kwamba mashine ni jambo la mijini na kwamba watoto wa Bungoma watosheke na chochote. Watoto wa huku wana haki ya karakana yenye akili.

Basi mwalimu wa Misikhu afanye nini akiwa na fedha kidogo mkononi? Kwanza aende yeye. Halmashauri isimtume mtu mwenye orodha na bei, kwa kuwa orodha haina masikio. Abebe bisibisi, tochi, kipima umeme na kipande cha bati la kutoboa. Muuzaji akimkataza kuifungua mashine, hapo mazungumzo yamekwisha. Hakuna haja ya kununa. Akiruhusiwa, aizungushe kwa mkono umeme ukiwa haupo na kusikiliza kama kuna mchanga katika beringi. Ainuse: varnishi iliyoungua ina harufu isiyosahaulika. Atazame waya, kwani waya uliozungushiwa utepe mahali patatu una habari tatu za kusimulia. Aiwashe na kuipa kazi, maana mota isiyo na mzigo husema uongo. Cheche chache kwenye brashi za kaboni ni za kawaida. Duara zima la moto kulizunguka komuteta ni dalili ya ugonjwa. Upinzani wa kinga ya umeme upimwe kwa kipimo cha volti 500, nao usipungue megaomu 1 kwa mashine yenye waya wa ardhi, au megaomu 2 kwa ile yenye alama ya mraba ndani ya mraba, ambayo haina waya huo. Kipimo hicho fundi wa umeme anacho, na vyuo vya ufundi vya Kitale na Bungoma navyo vinapaswa kuwa nacho. Kuazima si kosa.

Kisha, na hili huenda likawashangaza waweka hazina, anunue grainda moja iliyokufa kabisa. Ainunue kwa bei ya chuma, aikate waya wake kabisa ili asitokee mjanja wa kuiwasha, na awape wanafunzi wanane bisibisi. Watakapomaliza kuifungua wataijua rota, komuteta, brashi, giya na beringi kuliko kitabu chochote kiwezavyo kuwaonyesha. Vipande vya chuma vilivyoshika kutu, vikiwa vimeng'olewa peke yake, vipelekwe kwa mwalimu wa kemia. Maji katika beseni ya plastiki, kaboneti ya sodiamu, yaani ile magadi ya kusafishia, chaji ya betri ya gari, kipande cha chuma kikuukuu kwenye ncha chanya na kile chenye kutu kwenye ncha hasi: kutu italegea na kutoka. Lifanyike nje, penye hewa, kwani haidrojeni hutoka pia. Na chuma kisichoshika kutu kisitumiwe kwenye ncha chanya, kwa sababu ya sumu ya kromiamu. Hilo ni somo la kemia, fizikia na ufundi kwa siku moja, na gharama yake haifiki bei ya diski chache.

Kijana aliyehitimu chuo anuwai na anataka kuanza kazi yake mwenyewe katika soko la Misikhu ana hesabu tofauti kidogo, kwa sababu mashine itakuwa yake na masikio ni yake. Yeye simkatazi kuukuu. Namwomba tu akatae isiyo na kinga, na akumbuke kwamba jiliwa zuri na tupa tatu zilimlisha fundi kabla umeme haujafika.

Nimeacha jambo moja mpaka sasa, nalo pengine ndilo lingetangulia. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 wazazi waliambiwa wajenge karakana, nao wakajenga kwa harambee, kwa mahindi na kuku waliouza. Zana zililetwa hapa na pale, nyingine zikakuta shule hazina umeme. Mtaala ulipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, masomo mengi ya ufundi yaliondolewa au yakabaki katika shule chache. Karakana zikawa madarasa, mabweni, maghala. Lakini vyuma havikuyeyuka. Nyuma ya madawati yaliyovunjika, katika shule si moja wala mbili, bado kuna jiliwa lililofungwa mezani, keekee ya mezani iliyofunikwa gunia, au kinoo ambacho hakijazungushwa kwa miaka 20. Kutu ya vitu hivyo ni ya juu juu, kwa maana vilikuwa chini ya paa. Historia yavyo yajulikana, nambari zavyo zimo katika daftari la mali ya shule, na bei yavyo ililipwa na akina nyanya zetu. Tena Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 yaruhusu taasisi moja ya umma kuihamishia nyingine mali isiyoihitaji, kwa hiyo shule iliyo na mashine mbili bila mwalimu yaweza kumpa moja jirani aliye na mwalimu bila mashine.

Kabla ya gari kuondoka kwenda Kitale, basi, mwalimu wa ufundi na amwombe mtunza bohari ufunguo, aingie na tochi na brashi ya waya, aondoe gunia, na azungushe mpini wa lile jiliwa. Ikiwa taya zake bado zinakutana sawasawa, kuna kitu kimoja cha kufuta katika orodha ya kununua.